Mwaka wa Magunzi Matupu

Kwaru, kwaru, kisha kimya. Kwaru tena.

Sauti ilitoka upande wa mlango, pale ninapoegemezaga ufagio, na kwa kuwa kulikuwa bado giza nikaamua ni panya. Nikajiambia huyu panya ana moyo. Mwaka ule hata panya walikuwa wametuhama Ihowani. Punje hazikuwepo, angekula nini, hewa? Nikanyoosha mkono nimfunike Atukuzwe blanketi, maana baridi ya Juni kwetu huingia mpaka kwenye mifupa. Mkono ukagusa godoro tupu, bado lina joto lake.

Niliwasha taa. Mwanangu wa miaka mitatu na nusu alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, kaulaza ufagio wa nyasi mapajani kama mwanasesere, anatafuna. Hakuwa anauchezea. Alikata unyasi mmoja, akautia mdomoni, akausaga kwa magego, akameza, macho yametulia kama ya mtu aliyeandaliwa chakula chake. Nusu ya ufagio ilikuwa imekwisha.

Nilimwuliza anafanya nini. Akanitazama kana kwamba swali langu ndilo la ajabu, akasema tumbo limemwambia.

"Limekwambia nini?"

"Linataka hiki."

Pale pale nilijua. Sisemi nilihisi, wala sisemi wasiwasi uliniingia. Nilijua, nimeshika taa mkononi, miguu peku kwenye sakafu ya baridi. Wapo walionisamehe baadaye kwa kudhani kwamba sikujua, na mimi sijawahi kuwa na nguvu ya kuwasahihisha wote.

*

Mahindi yalianza kuugua miaka mitatu kabla. Yaliota vizuri, yakasimama, yakabeba. Ukimenya maganda unakuta gunzi jeupe, zuri, limenyooka, halina punje hata moja. Msimu wa kwanza tulilia. Wa pili tukauza ng'ombe. Wa tatu likaja gari jeupe, likashusha mitambo kwenye ghala la ushirika ambalo halikuwa na kitu cha kuhifadhi tena, waliokuja nalo wakaandika mlangoni KITUO CHA CHACHU.

Chachu yenyewe ilikuwa maji ya kijivu kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Ndani yake walikuwemo bakteria waliotengenezwa maabara, nusu ujuzi wao umetoka kwenye tumbo la mchwa, nusu kwenye tumbo la ng'ombe. Ukiwanywa wanahamia kwenye utumbo mpana na kukaa. Wiki ya kwanza tumbo linanguruma mpaka kanisani watu wanageuka kukutazama. Wiki ya pili unasaga magunzi, unasonga ugali wake wa kahawia unaokwaruza koo, unakula, na nguvu zinakuja. Kweli zinakuja. Nilimwona baba mkwe wangu, aliyekuwa anashika ukuta ili asimame, akirudi kulima.

Mimi sikushangaa kama wengine, kwa sababu nilikuwa nasoma masomo ya jioni, na mwalimu wetu wa baiolojia alikwisha kutuonyesha siri hiyo kwa shanga. Alisema mwili umejengwa kwa molekuli kubwa za aina nne: protini, mafuta, asidi nuklia zinazobeba urithi, na kabohidrati. Kisha akatoa nyuzi mbili za shanga mfukoni. Zote shanga zile zile za njano, kila moja tuiite glukosi. Kwenye uzi wa kwanza shanga zote zilitazama juu. "Huu ni wanga," akasema, "kiazi, ugali, wali." Kwenye uzi wa pili, moja ilitazama juu, inayofuata chini, moja juu, moja chini. "Huu ni selulosi. Gunzi, bua, nyasi, hata karatasi mnayoandikia." Chakula ni kile kile. Ila mate yetu na utumbo wetu vina mkasi wa kukata uzi wa kwanza tu. Huu wa pili unapita hivi hivi na kutoka. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiyatazama majani ya njiani kama mtu anayepita katikati ya karamu mikono imefungwa.

Basi chachu ilikuwa mkasi wa pili. Na kwa kuwa nilijua kueleza hilo kwa maneno ya jikoni, kituo kikaniajiri kupima pumzi. Kila Jumatatu watu walipanga foleni, wakapuliza kwenye kidude chenye mdomo wa plastiki, kikahesabu gesi inayotolewa na chachu ikifanya kazi. Arobaini, hamsini, vizuri. Nikaandika kwenye daftari. Vikombe pia vilikuwa chini yangu, kabati na ufunguo.

Watoto chini ya miaka kumi na miwili hawakupewa. Bwana Kilasi, msimamizi wetu aliyeletwa kutoka mjini, alitueleza sababu kwenye semina. Utumbo umepakwa ute, na ule ute ni protini iliyovikwa vijinyororo vya sukari kama mti ulivyovikwa majani. Ndio unaozuia tumbo lisijile. Sasa chachu ikishiba nyuzi za magunzi inatulia. Ikikosa nyuzi inatafuta sukari nyingine iliyo karibu, na iliyo karibu ni ute. Mtu mzima ana tabaka nene, tena anakula magunzi mara tatu kwa siku. Mtoto tabaka lake ni kama utando wa maziwa. Kwa hiyo watoto waliwekewa posho ya wanga halisi, viazi na unga mweupe uliokuja kwa lori kutoka mbali. Sisi tukala magunzi ili wao wale viazi. Hakuna mzazi aliyelalamika. Ilikuwa ndiyo fahari yetu pekee mwaka ule.

Masharti yalibandikwa ukutani, maana chachu huhama kwa mate. Usichangie kikombe. Usichangie kijiko. Usichangie mswaki. Nawa mikono. Yaliandikwa na watu wenye akili, na waliuliza maswali mengi kabla ya kuyaandika. Walikaa na sisi siku mbili wakijaza fomu. Mnalala wangapi chumba kimoja? Maji mnachota wapi? Tukajibu kila kitu. Hawakuuliza mtoto akianza kula analishwaje, na sisi hatukusema. Hatukuficha. Nani angesimama mbele ya mgeni mwenye kalamu amweleze kwamba kiazi kikavu unakitafuna wewe kwanza mpaka kilainike, kisha unamtia mtoto kinywani kwa kidole? Ndivyo tulivyolishwa. Ndivyo bibi zetu walivyolishwa. Kusema hilo ni sawa na kusema kwamba tunapumua.

Atukuzwe alikuwa na meno yote, lakini viazi vya posho vilikuja vimekaushwa, vigumu kama kokoto, na akiugua mafua alikataa kula mpaka nimtafunie. Nilimtafunia. Ningewezaje kutomtafunia?

*

Asubuhi ile nilimbeba mgongoni, nikafika kituoni kabla ya wengine. Nikamwambia apulize kama anapoza uji. Mtoto asiye na chachu hapiti tano. Kidude kikaandika thelathini na nane.

Nikafuta. Nikamwambia apulize tena, thelathini na nane. Nikafuta tena.

Sharti la mwisho halikuwa ukutani, lilikuwa kwenye barua ndani ya droo yangu, na nililijua kwa moyo: chachu ikigundulika kwa mtoto yeyote, kituo kinafungwa siku hiyo hiyo, na wote waliokunywa wanapewa dawa ya kuifyeka. Lengo lilikuwa jema. Lakini Ihowani tulikuwa watu wazima mia nne na kumi na wawili, na lori lilileta wanga wa watoto tu. Fyeka chachu kwenye matumbo mia nne, unabaki na watu mia nne na mlima wa magunzi wasioweza kuyala. Baba mkwe angerudi kushika ukuta. Na mawele tuliyopanda bondeni, tuliyoambiwa hayaugui ugonjwa ule, yalikuwa yamebakiza wiki sita.

Wiki sita. Nikalishika neno hilo kama mtu anayeshika kamba.

Nikamkorogea Atukuzwe uji wa magunzi, nikauchuja, nikamnywesha. Alikunywa kikombe kizima, akapangusa mdomo na kuomba wa pili. Kuanzia siku hiyo nikawa nampa mara nne, kwa siri, na ufagio hakuugusa tena. Nilielewa nilichofanya: nilikuwa nailisha chachu yake ili isile mwanangu. Lilikuwa jambo rahisi kiasi hicho. Uji.

Na nikajua kwamba kama yeye anayo, yupo mwingine.

*

Wifi yangu Flavia anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mdogo wa mume wangu, na tangu mume wangu aende kuchana mbao Mufindi yeye ndiye aliyekuwa ananichekesha. Mtoto wake Tulizo alikuwa na miezi tisa, meno manne, mashavu ya kutaka kuyabana. Nilienda jioni ile ile. Nataka ieleweke kwamba nilienda nikiwa na nia ya kusema.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, Tulizo mapajani, sahani ya viazi pembeni. Alinikaribisha mdomo umejaa, akacheka, akanionyesha kwa mkono nikae. Akamaliza kutafuna. Akatoa donge kwa kidole, akalitia kwenye kinywa cha mtoto, mtoto akalipokea kwa ulimi kama kinda. Kisha akaanza utani wake: kwamba kaka yake akirudi likizo nimchunguze vizuri usiku, nikimsikia anacheua kama ng'ombe nimwite, tutafute kengele ya kumfunga shingoni.

Nikacheka. Nilicheka kweli, na kicheko kikachukua nafasi ya maneno niliyokuja nayo. Nikauliza mtoto anaendeleaje. Akasema analialia kidogo siku hizi, hasa alfajiri, labda meno. Nikaona mkono wa Tulizo umekamata upindo wa mkeka, anauvuta kuelekea mdomoni, na Flavia anautoa taratibu bila hata kutazama, kama mtu aliyekwisha kuutoa mara nyingi.

Nilisema, "Ana meno manne tayari, wifi. Mponde kiazi kwa mwiko, mwache ajaribu mwenyewe."

Aliniangalia akitabasamu. "Ukisoma jioni unasahau ulivyolelewa asubuhi," akasema, akachukua kiazi kingine, akakitia kinywani mwake.

Hapo ndipo ningesema. Sikuhitaji hata kumweleza shanga wala ute. Ningemwambia tu: mpe uji wa magunzi, usiniulize kwa nini. Lakini Flavia angeuliza, ni mtu wa kuuliza, na jibu lingefika kisimani kabla ya ndoo yake kujaa, na kutoka kisimani mpaka kwa Bwana Kilasi ni hatua mia mbili. Nikawaza watu mia nne. Nikawaza wiki sita. Nikawaza pia, na hili nimechelewa kulikiri hata kwa nafsi yangu, kwamba ni mimi niliyekabidhiwa kupima, na mwanangu ndiye wa kwanza. Nikajiambia Tulizo anatafuniwa kidogo tu, pengine chachu haijashika. Nikajiambia nitakuja kesho na uji, nitasema ni dawa ya meno.

Kesho yake kulikuwa na foleni ya kupima. Kesho kutwa nilienda, nikamkuta kalala, nikaona vibaya kumwamsha. Siku nyingine chupa ya uji nilikuwa nayo kwenye kikapu, nimeifunika kwa kitenge, nikakutana na Bwana Kilasi njiani, akanisindikiza akizungumza habari za mawele mpaka nikaipita nyumba ya Flavia. Siku tisa zinaenda hivyo. Hakuna siku hata moja kati ya hizo niliyoamua kunyamaza. Kila siku niliamua kusema kesho.

Na kila siku mwanangu alikunywa uji wake mara nne, akacheza, akanenepa.

*

Siku ya kumi asubuhi Tulizo alipata choo chenye damu. Walimkimbiza hospitali ya wilaya kwa pikipiki, Flavia na mama mkwe wangu wamembana katikati. Siku iliyofuata Flavia alirudi peke yake kuchukua nguo za mtoto, na kabla hajafika kwake akaitwa kituoni.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa uani. Ilikuwa saa nne kasoro. Nilisimama karibu na mlango wa ghala, daftari kifuani, Atukuzwe kanishika sketi. Flavia alikaa chini katikati, miguu kainyoosha, begi la nguo za mtoto mapajani. Hakuwa na utani wowote usoni. Niliyatafuta macho yake, na alipoyainua yakanikuta, yalinitazama kama unavyomtazama ndugu uliyemkuta ugenini.

Bwana Kilasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajalala. Alieleza kwamba madaktari wamekuta chachu imejaa tumboni mwa mtoto na ute umeliwa sehemu nyingi. Wanahitaji kujua jambo moja tu. Kama mtoto alinyweshwa kikombe kizima, basi itabidi leo saa sita mchana wampe dawa kali ya kufyeka, na dawa ile kwa utumbo uliokwisha kuchubuka inaweza kumaliza kilichobaki. Wangeitoa kwa sababu tu kikombe kizima kisipofyekwa kinaua. Lakini kama chachu iliingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, hakuna haja ya dawa hiyo. Watailisha nyuzi laini ili itulie, wataacha ute uote upya, kisha wataipunguza polepole kwa miezi. Kwa hiyo anamwomba mama wa mtoto aseme ukweli.

"Kikombe ulikitoa wapi, Mama Tulizo?"

"Sijampa kikombe."

"Ulimpa nini, basi?"

"Viazi," akasema Flavia. "Nilimpa viazi. Viazi vya posho."

Na alikuwa anasema kweli kabisa. Aliulizwa mara nne, akajibu viazi mara nne, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu hata yeye alianza kuona kwamba jibu lile halitoshi na hakujua linapungukiwa nini. Yalipita kichwani mwake mambo yote aliyomgusisha mtoto, kijiko, maji, nepi, na hakulikuta lile, maana lile halikuwa jambo. Nyuma yangu mwanamke mmoja alinong'ona kwamba wengine wananywesha watoto chachu ili wao wabaki na posho ya watoto. Mwingine akamwambia anyamaze. Na wengi wa waliokuwa wanamhukumu asubuhi ile, mimi nilijua, walikuwa wametafuna kiazi jikoni kabla ya kuja.

Bwana Kilasi akageuka. "Mama Atukuzwe, kabati ni lako. Vikombe vimepungua?"

Nilifungua daftari ingawa sikuwa na haja ya kulifungua. Nikasema havijapungua.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

 Alisema, si kwa ukali, kwamba anajua huyu ni wifi yangu, na kwamba kumficha leo si kumsaidia. Akatazama saa yake. Akatoa simu ili awajibu madaktari, akasema kwa kuwa hakuna maelezo mengine itabidi awaambie ni kikombe.

Nilifumbua mdomo.

Nimekuwa nikirudi kwenye uwanja ule tangu siku hiyo, nikipika, nikifua, nikisahihisha madaftari ya watu wazima ambao sasa mimi ndiye ninayewafundisha jioni. Kila nikirudi nasema mapema. Wakati mwingine nasema kabla Bwana Kilasi hajaitoa simu, wakati mwingine jikoni kwa Flavia, wakati mwingine alfajiri ile ile, natoka na taa mkononi na kubisha mlango wa tatu. Yalikuwa maneno machache tu. Mawele yangewahi au yasingewahi, watu mia nne wangetafuta njia, pamoja, wakijua. Sikuwapa nafasi ya kutafuta. Niliwachagulia, nikamchagulia na Tulizo, na sikumwambia mtu.

Lakini siku ile, kwenye uwanja wenyewe, mdomo wangu ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Nilimwona Flavia akisubiri. Nilimwona Bwana Kilasi akibonyeza namba. Atukuzwe aliiachia sketi yangu, akapita katikati ya miguu ya watu, akaenda kusimama mbele ya shangazi yake, akaweka mkono juu ya lile begi la nguo. Alikuwa amesikiliza muda wote. Nadhani aliona tu kwamba shangazi anaulizwa na hajui kujibu, na yeye anajua.

"Viazi vya kutafuniwa," akasema kwa sauti, "kama vile mama ananitafuniaga mimi."